Gari yangu ilikuja Mtwara imevaa sweta (gereji ya mzee wa Chikongola, nyota tatu na nusu)

Wadau wa Mtwara na Lindi, mambo vipi. Mi kwa kawaida sio mtu wa kuandika habari za mafundi, maana ukimsifia fundi leo kesho anakuaibisha mbele za watu, ila kazini watu watatu wameshaniuliza gari nimeipeleka wapi kabla ya mvua na kila mara naanza kusimulia upya mpaka chai inapoa, so nasimulia mara moja hapa yaishe.

Gari ni Toyota IST, toleo lile la kwanza, ya 2005, cc 1500, forwili (magurudumu yote manne yanavuta), usajili wa namba E. Wakati naagiza niliona kwenye maelezo imetokea Hokkaido nikasema poa, Japani ni Japani tu. Kumbe Hokkaido ndo kaskazini kabisa kule ambako theluji inakaa miezi na miezi na watu wanaandaa magari kwa ajili ya baridi kama sisi tunavyoandaa paa kabla ya mvua. Sasa mi naishi Mtwara. Mtwara ambako hata Julai, ule mwezi watu wanavaa majaketi wanalalamika kipupwe kimezidi, usiku bado ni digrii 20 hivi. Hiyo ishike kwanza tutairudia.

Kilichonipeleka gereji ni mvua ya kwanza ya Novemba. Mnajua huku kwetu hatuna mambo ya vuli na masika kama Dar, mvua yetu ni msimu mmoja tu, ikishafungua Novemba au Desemba ndo hiyo mpaka Aprili huko. Na ile ya kwanza kabisa ndo mbaya, lami ina vumbi la miezi sita na oili za malori ya korosho, ikilowa inakuwa kama umemwaga mlenda. Nilikuwa naenda Mikindani, spidi sio kubwa, hamsini hivi, mbele yangu bajaji ikasimama kushusha abiria nikakanyaga breki na gari ikaendelea kwenda. Yaani naikanyaga, naisikia breki inashika kabisa, ila gari inateleza taratiiibu kama haina haraka, bahari naiona pale, mgongo wa bajaji nauona, mama aliyekuwa anashuka na ndoo ya dagaa nae ananiona. Nikakata kulia nikapita kwa bahati ya Mungu, upande wa pili hakukuwa na mtu. Yule mama hakusema kitu, alinitazama tu, na afadhali angetukana.

Matairi yalikuwa na kashata (vile vinundu vya mpira vinavyogusa barabara) za kutosha kabisa! Hicho ndo kilichonichanganya. Siku napokea gari hata muuzaji aliniambia dada hapo una bahati, hayo ni matairi ya Kijapani orijino, sio haya ya duka. Na mi nikawa natembea najisifia.

Basi kaka mmoja wa ofisini akanielekeza kwa huyu mzee. Gereji haina bango, iko Chikongola huko ndani, unaulizia gereji ya chini ya mwembe watu wanakuonyesha. Usitegemee sehemu ya kukaa yenye TV, kuna benchi moja la mbao na matairi mawili ya kukalia, mbuzi wanapita, na kuna dada anauza mihogo ya kukaanga na chachandu jirani yake, hiyo nampa nyota tano bila kupepesa.

Nikamsalimia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, nikamwambia nataka kuandaa gari kwa mvua maana nina mama Newala napanda kule kila baada ya wiki mbili. Nilitegemea afungue boneti, si ndo wanavyofanya wote, wanafungua boneti wanasikiliza injini huku wamekunja uso, halafu wanakutajia plagi. Huyu hakugusa boneti. Alichuchumaa kwenye tairi la mbele akachukua kitambaa chenye petroli akafuta matope ubavuni, akaniita, njoo uone. Kuna kialama kidogo pale, umbo la mlima wenye vilele vitatu na ndani yake kinyota cha theluji. Mi siku zote nilijua ni nembo ya kampuni.

"Mwanangu, hii tairi ya barafu."

Nikacheka. Hakucheka. Akanionyesha na neno limeandikwa kwa Kizungu, STUDLESS, akasema ukiona hili neno kwenye tairi la mtumba kimbia. Halafu akanishika mkono akaniambia gusa kashata. Zimechanjwa vimistari vyembamba vya zigizagi, vingi, juu ya kila kashata, yaani nyie mliokua na bibi wa Kimakonde mtanielewa, ni kama zile chale za usoni. Bibi yangu alikuwa nazo hivyo hivyo shavuni. Ukibonyeza kwa kidole kashata inalala upande.

Maelezo yake nayaweka kwa kifupi kama nilivyoelewa, baadae nikaenda kusoma mwenyewe nikakuta mzee hakudanganya. Mpira wa tairi la kawaida ukipata baridi kali unakuwa mgumu hauishiki barabara, ndo maana kule kwenye theluji wanatumia mpira laini ambao hata chini ya digrii 7 unabaki laini, na zile chale zinang'ata barafu. Wajapani wa sehemu za baridi wanabadilisha mara mbili kwa mwaka, theluji ikikaribia wanafunga haya, ikiyeyuka wanarudisha ya kawaida. Na yakishaisha nusu yana alama yake ya kuonyesha kwamba kwa barafu hayafai tena, mengi yanatolewa, na mengine ndo hayo yanapakiwa kuja kwetu na mengine yanakuja yamefungwa kwenye gari kama langu. Sasa uchukue mpira uliotengenezwa kwa ajili ya barafu uuweke kwenye lami ya Mtwara saa nane mchana, unakuwa bazoka, ile ya kutafuna. Unalika haraka, na kwenye maji kashata zinayumba badala ya kusimama, breki unakanyaga wewe ila tairi linajinyonganyonga. Juu ya yote hayo lilikuwa na umri. Akanisomesha zile namba nne za ubavuni, ilikuwa 3814, maana yake wiki ya 38 ya mwaka 2014. Tairi lina miaka zaidi ya kumi na mi najisifia orijino.

Hapo ndo akasema ile kauli, gari hii imekuja imevaa sweta, tuivue.

Akaenda kwenye waipa. Kweli bwana, waipa zangu zilikuwa nene ajabu, zimefunikwa mpira mweusi juu kama koti, nilidhani ni za kisasa. Kumbe na zenyewe ni za theluji, ule mpira ni ili barafu isigande kwenye vile viungo vya chuma. Huku hazina kazi, ni nzito, ukienda spidi zinarukaruka kwenye kioo zinaacha mistari, nami nilikuwa nalaumu kioo. Tukatoa. Chini ya waipa, pale kwenye matundu ya kuingiza hewa, akaingiza mkono akatoa majani ya mwembe yaliyooza, fumba la kwanza, fumba la pili, la tatu, na mende mmoja. Nyumbani napaki chini ya mwembe na nilikuwa nasikia harufu ya unyevunyevu ndani nikanunua pafyumu ya gari mbili. Mzee anasema hapo maji yangezibwa njia yangeingia ndani mpaka kwenye miguu ya abiria na nyaya. Mkipaki chini ya miti angalieni hapo, ni bure kabisa, hauhitaji fundi.

Kulanti, yale maji ya rangi ya kupoza injini, ndo tulibishana. Mi hoja yangu ilikuwa kama tunavua sweta basi na kulanti tutoe tuweke maji, si ni dawa ya kuzuia kuganda, Mtwara nani anaganda? Mzee akaweka spana chini, akaniambia mwanangu hapo ndo mnapoua injini. Ni kweli ile nusu kwa nusu inavumilia baridi mpaka digrii 35 chini ya sifuri hivi na hilo halituhusu, ila hiyo hiyo inafanya maji yachelewe kuchemka na inazuia kutu ndani ya injini na redieta, na joto na kutu vyote tunavyo. Akafungua kifuniko akachovya kijiti. Yangu ilitakiwa iwe pinki, ilikuwa rangi ya maji ya mchele yenye ukahawia, ina maana kuna mtu njiani alikuwa anaongezea maji ya bomba. Akasema angalia birika lako la chai nyumbani lilivyo na chokaa ndani, ndo hivyo hivyo redieta yako. Akamwaga yote, akasukutua, akaweka kulanti mpya nusu na maji ya betri nusu, yale meupe yasiyo na asidi. Hapa nampa heshima yake kwa sababu angeweza kuniitikia tu nikaondoka nimefurahi.

Chini ya gari akaingia na bisibisi akawa anagongagonga chuma, ngo ngo ngo. Kule kwenye theluji wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke na ile chumvi inakula magari kwa chini, so gari la huko unaliangalia chini kabla ya kuangalia rangi. Langu lilikuwa na kutu ya juu juu kwenye boliti za eksozi na kwenye vyuma vya nyuma vinavyoshika magurudumu, hakuna palipotoboka. Ila akasema wewe umelitoa kwenye chumvi ya barabara umelileta kwenye chumvi ya bahari, kila ukitoka ufukweni piga maji baridi ya kawaida kwa chini. Nikamuuliza vipi nikipulizia oili chafu kama wanavyofanya wengi, akasema usithubutu, oili inaozesha boshi (vile vipira vya kwenye viungo vya chini) na mipira yote, utakuja kwangu kununua boshi nane.

Betri akapima na mita, volti 12.6 gari ikiwa imezimwa na 14 na ushee ikiwa inanguruma, akasema iko salama nenda zako. Hakunitafutia ugonjwa.

Breki fluidi ilikuwa nyeusi kama kahawa ya kijiweni. Ile kitu inanyonya unyevu hewani, inatakiwa ibadilishwe kila miaka miwili hivi, ikiwa na maji ndani ukishuka mlima mrefu breki ikipata moto yanachemka unakanyaga pedali inazama mpaka chini. Vijana wake siku hiyo walikuwa wameenda msibani so mi ndo nilipanda kukanyaga wakati yeye yuko chini anatoa upepo. Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga. Shikilia... nani kakwambia uachie! Nikajikuta naomba radhi kama mtoto wa shule. Tukamaliza magurudumu manne mguu unatetemeka, ila nilijifunza, na pedi za breki za mbele nazo zilikuwa zimekwisha tukaweka mpya.

La mwisho alilonifundisha halikuwa na hela hata shilingi. Nikamwambia mvua ikinyesha kioo kinajaa ukungu kwa ndani naendesha mkono mmoja huku mwingine nafuta na kanga. Akaniuliza AC inafanya kazi? Ndio. Unaiwasha wakati wa mvua? Nikamwambia mvua si baridi tayari, niwashe ya nini. Akatikisa kichwa. AC inakausha hewa, unaielekeza kioo cha mbele hata ukiweka na joto kidogo, dakika mbili kioo kinang'aa. Nimeendesha gari miaka sita wandugu.

Haya sasa bei, maana najua wengine mmeruka mkaja hapa. Matairi mapya manne ya Mchina 130,000 kila moja, jumla 520,000, haya nilinunua dukani mwenyewe, mzee alikuja na mimi akachagua kwa kusoma zile namba za wiki, la kwanza alilopewa alilikataa lilikuwa la miaka minne limekaa stoo. Waipa 20,000. Kulanti lita tano 30,000. Breki fluidi 10,000. Pedi za mbele 45,000. Ufundi wake vyote hivyo 70,000. Ukipiga ni 695,000, na elfu 20 ya balansi ya magurudumu pembeni. Sio hela ndogo, ila tatu ya nne ni matairi na hayo ni maisha yako.

Sasa kwa nini sio nyota tano.

Kwanza muda. Aliniambia kesho saa nne asubuhi gari tayari. Nikaja saa nne, gari iko juu ya mawe haina magurudumu na mzee hayupo. Kesho yake tena. Ilichukua siku tatu, nimepanda bodaboda siku tatu na mvua imeninyeshea siku mbili kati ya hizo, sasa umuandae mtu kwa mvua kwa kumlowesha? Msiba naelewa, lakini simu ipo.

Pili risiti hamna. Anakuandikia kwenye kipande cha boksi la sigara. Kama ofisi inakurudishia hela ya matengenezo sahau.

Tatu, matairi yalifungwa na vijana wa pancha pale jirani, sio yeye, na hao ndo wamenishushia nyota. Wamejaza upepo 45 wakati karatasi ya kwenye mlango wa dereva imeandikwa thelathini na kidogo. Niligundua kwa sababu gari ilikuwa inadunda kama mpira. Nikirudi kulalamika kijana ananiambia dada upepo mwingi unasevu mafuta. Unasevu mafuta unaniua mimi! Tairi lililojaa kupita kiasi linagusa lami katikati tu na kwenye maji ndo tulikotoka. Pimeni wenyewe kabla ya kuondoka, vipimo vinauzwa elfu kumi tu. Na vifuniko viwili vya rimu wamenipotezea.

Gari yenyewe? Nimepanda nayo Newala Desemba, mvua ya kweli kweli, imenikuta njiani. Lami ile ya Mtwara mpaka Mnivata ilikuwa imejaa maji sehemu za mabonde na gari ilitulia, nilijaribu breki makusudi sehemu isiyo na watu, imeshika, nikapiga kelele peke yangu ndani. Mbele huko kwenye michepuko ya udongo mwekundu nisiwadanganye, tope la Makonde halina tairi linaloliweza kwa gari fupi kama IST, niliteleza kama wengine, forwili ikanisaidia kutoka sehemu moja, sehemu nyingine nilisukumwa na vijana wakataka elfu tano nikawapa tatu. Ila kioo hakikujaa ukungu hata mara moja, AC imewashwa, kanga imekaa begani inapokaa kanga. Nimefika mama yupo barazani anasema umekuja na mvua, akaniwekea uji.

Ushauri wangu kwa anayetaka kwenda, nenda Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, usisubiri. Spea nyingi zinatoka Dar na barabara ni ile ile moja, mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata njia kule Somanga, magari yamelala pande zote mbili. Ukisubiri mvua ikolee ndo utafute pedi, utatafuta na wenzako wote. Fika asubuhi kabla ya saa mbili, nunua kulanti na matairi mwenyewe, na ukae hapo hapo, mihogo ipo.

Nilikuwa nataka kumpa nyota nne. Lakini juzi nimerudi kufuatilia vile vifuniko vyangu vya rimu, na pale kwa vijana wa pancha, nje, kwenye mti, nikaona matairi mawili yamening'inizwa yamepakwa ile dawa nyeusi yanang'aa. Nikainama ubavuni. Kimlima kile kile, kinyota kile kile, 3814. Nilikuwa nimemwambia mzee ayakate, akaniitikia sawa mwanangu. Nikamuuliza kijana haya vipi, akanitazama usoni bila wasiwasi wowote, hakunikumbuka kabisa.

"Elfu sitini kila moja dada. Ya Kijapani hayo, orijino, ona kashata."